Sauti Niliyoikata

Kila ninapoulizwa filamu nilisomea wapi, huanza na kibanda umiza kimoja kilichokuwa Mabatini, hapa Mwanza, na wengi hudhani ninatania. Kilikuwa banda la mabati lenye mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo, na deki iliyopigwa kofi kila filamu ilipoganda. Kiingilio kwa mtoto kilikuwa shilingi 100. Tuliotumwa maji tulipanga ndoo zetu nje kwa mstari kabla ya kuingia, jambo lililowarahisishia sana mama zetu kazi ya kutukamata.

Filamu zilitoka Hong Kong, India na Marekani, na karibu zote zilikuwa zimetafsiriwa, maana yake juu ya sauti za waigizaji palikuwa na sauti ya mtu mmoja, Mtanzania mwenzetu, aliyetueleza kila kitu: steringi anawaza nini, adui amejificha wapi, na kwamba huyu mwanamke ni dada wa yule aliyeuawa mwanzoni. Hakutafsiri tu, alitania, alitabiri, aliwapa wahusika majina ya mitaa ya Dar es Salaam, na pale filamu ilipopoa alijaza ukimya kwa habari zake mwenyewe. Tulimpenda kuliko steringi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeingia kwenye mamia ya filamu bila kuziona, kwa sababu muda wote nilikuwa nikizisikiliza.

Jioni moja ililetwa sidii ambayo haikutafsiriwa. Nusu ya watoto walipiga kelele wakadai fedha zao, wakafukuzwa. Tuliobaki tulinyamaza, na katika ukimya ule nikamwona mzee akiosha mchele, akamwaga maji, akauosha tena, akabandika sufuria, kisha akakaa kusubiri. Hakuna aliyeniambia mzee yule alikuwa nani wala alimsubiri nani. Jina la filamu ile silijui mpaka leo, lakini mvuke uliopanda kutoka kwenye sufuria yake ninaukumbuka kuliko ngumi zote nilizowahi kulipia pale. Nilikuwa na miaka 11.

Chuo kilikuja baadaye, na hapo sitakawia. Nilisoma stashahada ya uandishi wa habari katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, ambako kamera ya video ilikuwa moja kwa wanafunzi 40 na ilitoka kabatini siku ya mahafali. Kanuni za kupanga picha tulichorewa ubaoni kwa chaki. Nililobaki nalo ni funzo la mwalimu mmoja aliyeirudisha kazi yoyote ambayo jina la mtu lilikosewa hata herufi moja, akisema kwamba asiyeandika jina sawasawa hakumsikiliza mwenyewe. Wenzangu waliotaka sanaa hasa walielekea Bagamoyo, kwenye taasisi tunayoiita TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Mimi ada ilinishinda. Vijana huniuliza kama shule ni lazima, nami siwezi kuibeza nikiona matunda yake. Amil Shivji alisomea filamu Toronto, akarudi, akaigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuwania Oscar, ikiwa mara ya pili tu kwa Tanzania kupeleka filamu huko. Kazi kama ile haiokotwi njiani. Ninachosema ni kwamba mimi sikuwa na njia hiyo, na upungufu huo ulinitengeneza kwa namna ambayo kwa muda mrefu sikuielewa, na nyingine niliyoificha.

Nilijifunza kushika kamera harusini. Kwa miaka minne nilipiga video za harusi, sendoff na komunio kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, na sijutii hata moja, ingawa najua wenzangu wengi hulificha jambo hilo wanapoandika wasifu wao. Harusi haina kurudia. Keki ikishakatwa imekatwa. Katika sendoff moja nilikuwa nimeinama nikibadilisha memori kadi wakati mama wa bibi harusi alipovunjika akalia mikononi mwa binti yake, na familia ilipoikosa picha hiyo ikakataa kunilipa salio langu. Nililalamika sana wakati ule. Leo ningekuwa mimi, nisingelipa pia, kwa kuwa nilikuwa na saa nne za watu wakicheza na sikuwa na dakika moja ya kile walichoniitia.

Mwaka 2019 niliamua kufanya filamu yangu mwenyewe, fupi, ya kina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Igombe, ufukwe wa kushushia samaki upande wa Ilemela. Nilidhani ningemaliza kwa wiki mbili. Sikujua kwamba ratiba ya dagaa haiandikwi na mtu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, kwa kuwa mwanga huwavuta wakapanda juu ya maji, kisha wakazungushiwa wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, na wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu wakapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo wiki zangu mbili ziliangukia kwenye mbalamwezi, nikapiga picha za mitumbwi mitupu na mbuzi. Ilibidi nirudi kwenye giza, halafu giza jingine, na jumla ikawa miezi mitatu.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho mtu wa nje asingekitarajia. Kijana mwenye kamera kwenye mwalo wa Mwanza huulizwa kwanza kama amekuja kupiga picha za mapanki. Swali hilo lina historia. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza kuhusu biashara ya sangara na umaskini unaoizunguka. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi. Nimeitazama mara tatu. Ina ustadi ambao siwezi kuubisha, na ina picha za mapanki yaliyotundikwa juani, vichwa na miiba ya sangara iliyobaki baada ya minofu kupelekwa Ulaya, ambazo ukishaziona hazikutoki. Lakini waulize watu wa mwaloni. Wengi wao hawakuwahi kuiona, wanachojua ni kwamba kuna mtu alikuja, akapiga, akaondoka, na dunia ikawaona wao kwa jicho lake. Niliahidi kwamba yangu wataiona wao kabla ya kusahau sura yangu. Ahadi hiyo niliitoa kirahisi, ili niruhusiwe.

Sasa niseme juu ya kile ambacho baadaye kiliitwa mtindo wangu. Stendi ya kamera niliyoazima ilivunjika mguu siku ya pili. Nikawa naiweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, au juu ya mfuko wa mchanga, na kwa sababu ndoo ni fupi, kamera ikawa inatazama kutoka kimo cha goti, ambacho ndicho kimo cha mikono ya mwanamke aliyeinama kuanika dagaa. Sikuweza kuizungusha bila picha kutetemeka, kwa hiyo niliiacha ilipo, watu wakaingia na kutoka. Jua nalo lilikuwa na amri zake. Mwanza haiko mbali na ikweta, na ifikapo saa sita mchana mwanga humwagika kutoka utosini, macho ya watu yakageuka mashimo meusi. Tena dagaa wabichi waliotandazwa juu ya nyavu humeta kama kioo, ukipima mwanga wa kamera kwa nyuso, dagaa wanaungua wote wakawa weupe mtupu, na ukiupima kwa dagaa, nyuso zinazama. Baada ya kuharibu siku nne nilichagua dagaa. Nyuso nikaziacha. Nilipiga asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, na jioni muda mfupi kabla jua halijadidimia, kwani huku kwetu halikawii likishaanza kushuka. Ndiyo maana filamu ile ni ya mikono.

Lakini lililo kubwa zaidi ni sauti, na hapa ndipo penye aibu yangu. Kipaza sauti changu hakikuwa na kifuniko cha upepo. Upepo wa ziwa ukianza hauna adabu, ulikipiga kile kipaza sauti mpaka kila sentensi ya kina mama ikatoka imechanika. Nilipokaa mezani kuhariri nilikuwa na masaa mengi ya mazungumzo, na ningesema kwa haki kwamba yapata robo yalisikika kwa taabu. Kuyasafisha nisingeweza kwa programu niliyokuwa nayo. Nikayakata yote. Nikarudi Igombe peke yangu alfajiri moja tulivu, nikarekodi mchakacho wa dagaa wakavu wanapokusanywa kwa fagio la njiti, maji yanayogonga ubavu wa mtumbwi, na debe likiburutwa mchangani, nikazipandikiza sauti hizo juu ya picha. Filamu ikawa ya dakika 14 bila neno hata moja la binadamu. Kisha nikaanza kujiambia kwamba ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo, kwamba ninapinga ile sauti ya kibanda umiza inayomweleza mtazamaji kila kitu, kwamba ninamtaka mtazamaji aone kama nilivyomwona mzee wa mchele. Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Yalikuja tu baada ya upepo.

Matamasha sita yaliikataa. La saba, tamasha dogo la filamu fupi hapa Afrika Mashariki, liliipokea na kuipa tuzo ya pili katika filamu za uhalisia. Nilipewa cheti ndani ya fremu ya kioo, ambayo ilipasuka ndani ya basi, na fedha zilizoahidiwa zilinifikia baada ya miezi saba ya kuandika barua pepe za unyenyekevu. Mtaani habari zilifika kabla yangu. Mwenye nyumba alinipongeza kwa mikono miwili, halafu akakumbusha kodi. Binamu wawili walikuja na mipango ya biashara. Sikatai kwamba tuzo ina faida: baada yake simu zangu zilipokelewa, na ofisi ambazo hapo awali ziliniambia nirudi kesho zilinikaribisha kiti. Ila haikunifundisha lolote kuhusu filamu, isipokuwa kwa swali moja.

Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza jukwaani ni nani aliyeniathiri nikapata ujasiri wa kuondoa maneno yote. Ningeweza kumwambia habari za upepo. Badala yake nilimtaja Ousmane Sembène wa Senegal, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba ndiye baba wa sinema ya Afrika, na nilidhani jibu hilo halina hasara. Watu walipiga makofi. Yule mama aliniangalia kidogo, akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sikuwa nimewahi kuona filamu hata moja ya Sembène.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi Mwanza nilinunua bando nikaitafuta Borom Sarret, filamu fupi aliyoifanya mwaka 1963 akiwa na miaka 40, baada ya kuwa kuli bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, kisha mwanafunzi wa filamu Moscow. Ni habari ya mwenye mkokoteni wa farasi anayezunguka Dakar siku nzima, na mwisho wake anarudi nyumbani mikono mitupu, mkokoteni wenyewe umechukuliwa. Nilipoianza tu nikahisi uso unawaka. Filamu nzima ina sauti! Mwenye mkokoteni anazungumza tangu mwanzo, anawaza kwa sauti juu ya abiria wake, juu ya fedha, juu ya mababu zake na askari aliyemnyang'anya mkokoteni. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha. Ilirekodiwa baadaye ikawekwa juu. Kwa maneno mengine, Sembène alikuwa na tatizo kama langu, miaka 56 kabla yangu, na njia aliyoichagua ilikuwa kinyume kabisa na yangu. Mimi niliwanyamazisha watu wangu kwa kuwa sauti iliharibika. Yeye alitafuta mahali pengine pa kuisikia.

Nilipaswa kulielewa hilo mara moja, lakini nilijitetea. Nilijiambia kwamba yeye ni yeye na mimi ni mimi. Waliolimaliza suala hilo ni kina mama wa Igombe.

Ahadi yangu niliitimiza kwa kuchelewa mwaka mzima. Niliwahi kwenda Zanzibar kutazama tamasha la filamu la ZIFF, na pale Ngome Kongwe, ambako filamu huonyeshwa uwanjani chini ya anga, nilipenda jinsi watu walivyokuwa wakiijibu skrini kama mtu aliyekaa nao barazani. Kwa hiyo nikaazima projekta, nikakodi genereta, nikatundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja kwenye ukuta wa stoo ya dagaa. Nilichagua usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa ndipo watu wanapokuwa na nafasi, nikasahau kwamba mbalamwezi hiyohiyo ingeifanya picha ififie. Walikuja labda watu 80, watoto wamekaa mchangani mbele.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya wa heshima kama ule wa kwenye tamasha. Haukudumu hata dakika moja. Mikono ya kwanza ilipotokea, mtu akauliza ni ya nani, na ukazuka mchezo: "Huo wa Mama Mchungaji, tazama kidole." "Acha wewe, Mama Mchungaji havai bangili ya bluu." Kila mkono ulipata mwenyewe, na kila mwenyewe alishangiliwa. Mama mmoja alipoona mikono ya dada yake, aliyefariki miezi michache kabla, aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha, akaomba tena. Pale kwenye tamasha mikono ile ilikuwa imesifiwa kuwa ni ya mwanamke yeyote wa Afrika. Hapa haikuwa ya yeyote.

Ilipokwisha walipiga vigelegele, nikaletewa kiti na soda. Ndipo akasimama yule ambaye wote humwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayeshika daftari la kikoba chao, mama wa miaka 60 hivi, Msukuma wa huku huku.

"Wabeja, mwanangu, umefanya kazi," aliniambia, akinishukuru kwa Kisukuma. "Lakini nina swali. Siku zile zote tulikuwa tunaongea tangu asubuhi mpaka jioni. Maneno yetu uliyapeleka wapi?"

Nilimweleza habari za upepo, kwa mara ya kwanza nikisema ukweli huo mbele ya watu.

"Upepo ulikuwapo," alisema. "Na sisi tulikuwa tunasikilizana."

Watu walicheka, naye akacheka, na nadhani hakukusudia kunikemea. Aliketi akaanza kumweleza jirani yake jambo jingine. Mimi nilibaki na ile chupa ya soda mkononi. Nilikumbuka vipande nilivyovikata: wakibishana juu ya bei ya ndoo ya dagaa, wakimcheka mnunuzi aliyejifanya hajui kuhesabu, wakihesabu wenyewe, kwa kichwa na bila kukosea, hasara ya dagaa walionyeshewa na mvua, ambao huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku badala ya kwenda Mwaloni Kirumba kwa wanunuzi wa Kongo. Yote hayo nilikuwa nimeyatupa, nikabakiza urembo.

Filamu ya pili, ambayo bado ninaihariri, imenilazimu kuacha baadhi ya mazoea niliyoyaita msimamo. Kamera bado ninaiweka juu ya ndoo, ijapokuwa stendi ninayo sasa, maana kimo kile nimekiamini. Picha bado ni ndefu. Kipaza sauti nimekivisha sponji ya godoro na juu yake kipande cha blanketi lenye manyoya, kitu kinachofanana na panya mkubwa na kinachowachekesha watoto, lakini kinazuia upepo kuliko nilivyotarajia. Yale mazungumzo marefu ninayarekodi majumbani, siku za mbalamwezi, kisha ninayaweka juu ya picha za kazi, kwa ile njia ya Sembène ambayo niliidai kabla sijaijua. Tofauti na mtafsiri wetu wa Mabatini ni kwamba anayesimulia ndiye anayeonekana akiinama.

Kikao cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Tulifunga madirisha, tukatandika mablanketi mawili ukutani, tukakaa gizani tukitokwa jasho. Jogoo aliwika mara tatu, na mara zote tatu Mwenyekiti aliinua mkono nisubiri jogoo amalize. Alizungumza kwa dakika 41 juu ya mkopo wake wa kwanza wa kikoba, ndoo za dagaa alizonunua kwa mkopo huo, mvua iliyozinyeshea, na namna alivyolipa. Nilipozima aliomba asikie. Nikamvalisha hedifoni, akafumba macho, akasikiliza bila kutikisika hadi karibu na katikati, kisha akavua upande mmoja.

"Hapo niliposema ndoo elfu nane," alisema, "ilikuwa elfu tisa. Mwaka ule ilikuwa elfu tisa. Futa, turudie."

Nikafuta, tukarudia.